Barazani kwa Shivachi

Kwangu watu hawakauki. Chumba changu kilikuwa cha kwanza ukiingia langoni, ploti ya Mzee Thuo, huku mtaa wa Kongo, na redio yangu ndiyo iliyokuwa na sauti kubwa kuliko zote upande ule wa Kawangware. Jioni, salamu za wasikilizaji zikianza, utakuta watu wamejaa kitandani, kwenye ndoo, juu ya gunia la makaa, wengine wamening'inia mlangoni wakingoja jina lao litajwe. Na likitajwa, Mungu wangu, utafikiri mtu ameandikwa kazi reli. Mimi Nduku napenda hivyo. Kwetu Kitui nyumba zimeachana mpaka ukikohoa jirani hasikii, na siku niliyoshuka Nairobi niliapa kwamba sitakaa peke yangu tena.

Kwa hiyo Kageha aliponiambia anarudi kwao Maragoli kwa sababu ya kelele, nilidhani ananitania.

"Kelele gani?" nikamwuliza. Ilibidi nipaze sauti, kwa sababu ya redio.

Akaniangalia tu.

Kageha alikuwa mke wa Shivachi, fundi seremala wa chumba cha tano. Mwaka ule wa sabini na nne walikuwa wamerudi kutoka pwani. Kontrakta mmoja alimchukua Shivachi kwenda kutengeneza milango na vitanda vya hoteli iliyokuwa ikijengwa karibu na Kilifi, na kwa miaka miwili wakapanga chumba kijijini Takaungu. Sasa huko, kwa maneno ya Kageha, jua likishazama hakuna anayejifungia ndani. Watu hukoga, huvaa nguo safi, hutoka nje na kukaa barazani. Mzee wa kahawa hupita akigonganisha vikombe vyake vidogo, nawe humwiti, yeye anakujua. Wanaume hucheza bao upande huu, wanawake hutandika mikeka upande ule, mikono inasuka ukili na midomo inaongea. Mtu akianza kisa, haingiliwi mpaka akimalize.

"Na wanaongea nini?" niliwahi kumwuliza.

"Kama nyinyi tu. Nani ameoa, nani ameachwa, nani amenunua saa na hajui kuisoma."

"Basi ni udaku!"

"Ni udaku, Nduku. Lakini wa polepole."

Hilo nilishindwa kuliona akilini. Udaku wa polepole! Mimi hadithi nikiwa nayo huwa naiona ni kama chungu juu ya jiko, ikichelewa inafurika.

Huku kwetu Kageha alijaribu. Jioni moja alitoa kigoda chake akakaa nje, sufi yake ya kufuma mkononi. Mtu akamwaga maji ya vyombo miguuni pake. Mlevi kutoka kwa wauza chang'aa akamwangukia begani akamwita mama mkwe. Ng'ambo ya ua kwaya ya Wesonga ilikuwa ikifanya mazoezi, kwangu salamu zinasomwa, na ploti ya nyuma mtu anapigana na mkewe kuhusu nyama. Kageha akainuka, akaingiza kigoda, akafunga mlango. Usiku ule akamwambia mumewe kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi anapanda basi. Hakukuwa na ugomvi. Shivachi alimwuliza amekosa nini, naye akasema, "Pa kukaa jioni." Kisha akaenda kwa dada yake Sella, huko Makina, Kibera, kukaa naye wiki moja kabla ya safari. Alisema atarudi Jumamosi asubuhi kuchukua sanduku lake.

Haya yote Shivachi alinieleza mwenyewe siku ya Jumatatu, akiwa amesimama mlangoni kwangu na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa mtu mfupi, wa maneno machache, na akishaamua jambo hata trekta haimvuti.

"Nduku, Ijumaa nataka unizimie redio."

"Ijumaa? Ijumaa ya salamu?"

"Ijumaa nitamwendea Sella nimwambie amlete Kageha jioni ile ile, asingoje Jumamosi. Nataka akiingia akute baraza."

"Baraza gani?"

"Kama ile ya Takaungu. Taa, mikeka, kahawa, watu wamekaa wanaongea chini chini."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. "Shivachi, bwana! Watu wa Kongo waongee chini chini? Wataumwa na koo!"

Hakucheka. "Wataongea chini chini," akasema. "Na Nduku, usimwambie mtu kwamba mke wangu anataka kuondoka. Hata mmoja."

Hapo sasa alinipa mzigo. Niulize mimi siri ya nani nimewahi kulala nayo. Lakini nilimwona uso, nikasema sawa, na wiki nzima nilitembea nayo kifuani kama mtu aliyemeza ndimu.

Kila jioni baada ya kazi Shivachi alipiga randa. Alitengeneza benchi refu la kuegemea ukuta, kuanzia mlango wake mpaka kwenye mfereji. Alijifunza kupika kahawa ile ya pwani, ya tangawizi na iliki. Ya kwanza ilikuwa kama lami. Ya pili nikaitema. Ya tatu nikamaliza kikombe nikasema, "Haya, hii inaweza kumrudisha mtu." Watu walimwuliza, "Fundi, hilo benchi la nani?" Akawajibu, "La kukaliwa." Ndiyo hayo tu.

Ijumaa mipango ikaharibika mapema. Bosi wake alimweka karakana mpaka saa kumi, kwa hiyo hakupata nafasi ya kwenda Kibera kwa Sella. Mwingine angeahirisha. Shivachi akasema ataandaa kwanza, watu wakishakaa atakwenda mbio kumleta Kageha mwenyewe. Akanyoa kichwa kwa kinyozi wa barabarani, akavaa shati jeupe, akaanza kutoa vitu nje: meza, viti, mkeka, kitanda cha kamba. Taa ya kandili akaining'iniza kwenye mlingoti wa kamba ya nguo. Akabandika sufuria kubwa juu ya mawe matatu katikati ya ua. Halafu akaenda mlango kwa mlango.

"Jirani, leo naomba tuzime redio. Na kama una kiti, naomba nikiazime. Na vikombe."

Hakueleza zaidi. Aliona aibu kusema kwamba mkewe anataka kuondoka.

Mimi Mkamba sikuona lolote hapo. Lakini jiweke kwa Nafuna, mama wa Kibukusu wa chumba cha tisa. Anafungua mlango, anamwona Shivachi amenyoa kipara, shati jeupe, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nyuma yake vitu vya nyumba vimetolewa nje, taa imetundikwa uani, sufuria kubwa iko motoni. Anaombwa azime redio, atoe kiti na vikombe. Na mke wa huyu mtu hajaonekana wiki nzima.

"Wewe ungefikiria nini?" Nafuna aliniuliza baadaye, akiwa bado na hasira. "Kwetu mtu akikujia hivyo humwulizi ni nani aliyekufa. Unaanzaje kumwuliza? Unampa kiti, unanyamaza, unakwenda kutafuta sukari."

Na ndivyo alivyofanya. Alitoa viti vyote, akavaa leso nyeusi, akapita ploti zote ambamo watu wa mkoa wa Western wanaishi, mpaka Kabiro. Langoni akakutana na Wesonga, kiongozi wa kwaya, akitoka kazini na baisikeli yake.

"Usiingie kwanza, Wesonga. Kwa Shivachi kuna matanga."

"Haki! Nani?"

"Wewe unafikiri nani? Umemwona Kageha wiki hii?"

Wesonga akavua kofia.

"Nenda Kibera kwa dada yake," Nafuna akamwambia. "Wasije wakasikia barabarani."

Wesonga akageuza baisikeli pale pale.

Uani nako watu wakaanza kuingia. Nilikuwa nimezima redio yangu na kukaa kwenye lile benchi jipya, nikiwa na uhakika kwamba tutakuwa mimi na Shivachi tu. Lakini wakaja. Wakaja wawili wawili, wakiwa wamevaa vizuri, hatua za taratibu. Huyu ana kuni kichwani, yule ana unga, mwingine maziwa kwenye chupa, mwingine kuku. Waliweka vitu karibu na moto, wakakaa, wakanyamaza. Walizidi, mpaka wakakaa kwenye matofali na kwenye ngazi ya choo.

Shivachi alinijia mbio, dele la kahawa mkononi, lile birika la pwani lenye mdomo mrefu.

"Umeona? Hata mmoja hakunibishia, Nduku. Hata mmoja!"

"Naona," nikasema. Na moyoni nikajiambia, kumbe hawa majirani zangu sijawajua. Kumbe walikuwa na kiu ya kimya miaka yote hii, nami nawapigia redio.

Alipita akimimina. Walipokea kwa mikono miwili na kuinamisha vichwa. Nafuna alimshika mkono, hakutaka kuuachilia.

"Jikaze, Shivachi."

"Najikaza, mama. Nimejikaza wiki nzima."

"Wiki nzima!" Nafuna akamgeukia mwenzake, machozi yakimtoka. "Wiki nzima, na hakutuambia!"

Mzee mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani, mzito, na wanawake wakaupokea. Shivachi akainua mkono. "Polepole, ndugu zangu. Sauti ya chini, tafadhali. Ndivyo Kageha anavyopenda."

Hapo wanawake watatu waliangua kilio kwenye leso zao. Mimi nikaanza kuwashwa masikioni. Kahawa ni nzuri, ndiyo, lakini mtu halii kwa sababu ya kahawa. Nilimvuta Nafuna pembeni nimwulize, naye akaniziba mdomo: "Shhh. Si wakati wa maswali."

Huko Kibera, Sella alinisimulia, yeye na Kageha walikuwa wamekaa kwenye kizingiti wakipukuchua mahindi. Wesonga akatokea gizani akisukuma baisikeli, jasho linamtiririka. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, kwa sababu habari kama hiyo haisemwi kavu.

"Mulamwa," akaanza, akimwita Sella shemeji kwa Kiluhya, macho chini, "nimetumwa. Nyumbani kwa Shivachi kuna jambo. Mungu ametoa, Mungu…"

Akainua macho akamwona Kageha, gunzi mkononi.

Sella anasema baisikeli ilianguka yenyewe. Wesonga alimtazama Kageha juu mpaka chini, akatazama miguu yake kama inagusa ardhi, midomo inacheza. Ndipo akili yake ikafanya hesabu yake: matanga yako kwa Shivachi, Kageha ni mzima, basi…

"Uuuwi!" Wesonga akalia, mikono kichwani. "Shivachi wee! Rafiki yangu!"

Kageha hakungoja zaidi. Alivua kanga ya juu, akajifunga kiunoni, akainua ile baisikeli kutoka chini.

"Panda," akamwambia Wesonga. "Panda unibebe."

Walipokaribia kwetu tulisikia kwanza kilio, kutoka mbali, barabara ya Riruta. Watu uani wakanong'onezana: hao ni wa upande wa mke. Wakasimama kuwapokea. Lango likafunguka, na aliyeingia, leso imeanguka, viatu mkononi, ni Kageha mwenyewe.

Sijawahi kuona watu wakikimbia bila pa kukimbilia. Benchi lilipinduka na watu kumi juu yake. Mama mmoja alijifungia chooni na hakutoka mpaka alipobembelezwa. Mzee wa wimbo akabaki amesimama, amefumba macho, anakemea kwa jina la Yesu. Nafuna alinishika shingo mpaka nikakosa pumzi.

Kageha hakuwaona. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba chake, akitafuta mwili. Akapita kando ya mumewe, akarudi nyuma, akamtazama. Shivachi amesimama chini ya taa, kipara kinang'aa, dele mkononi.

"Wewe!"

"Karibu," Shivachi akasema.

Alimpiga kofi la kifua kwa mikono yote miwili, kahawa ikamwagika kwenye shati. Halafu akaushika uso wake, akaugeuza huku na huku kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Hakuna? Nimelia kutoka Makina! Watu wamesimama Barabara ya Ngong wakinionea huruma! Sasa hawa wote wanafanya nini hapa?"

Uani kila mtu alikuwa akilingojea jibu hilo hilo.

"Ni wageni wako," Shivachi akasema. "Hii ni baraza." Na yule mtu asiyesema, aliyenikataza nisiseme, akageukia umati wote wa Western na Ukambani akasema kwa sauti ya kusikika: "Mke wangu anapanda basi kesho kwa sababu Nairobi haina pa kukaa jioni. Nimetengeneza pa kukaa. Ndiyo hii. Sikuita matanga. Niliomba viti."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni Wesonga, ambaye alikuwa amekaa chini langoni kando ya baisikeli yake. Kicheko kikashika moto, na Nafuna akawa analia na kucheka na kutukana kwa pamoja. "Mtu mzima ananyoa kipara! Anatundika taa! Mungu, nimempa kuku wangu mtagaji!"

"Chukua kuku wako, mama," Shivachi akasema. "Kila mtu achukue kitu chake. Samahanini."

"Vipelekwe wapi?" Wesonga akainuka. "Kuni za matanga mtu anazirudisha kwake? Unataka tuite kifo tukionyeshe njia?"

"Lakini hakuna matanga!"

"Kuni hazijui."

Wakaanza kubishana. Mmoja anasema kwao ni mwiko, mwingine anasema kwao hakuna mwiko kama huo, ni Wesonga ameubuni leo. Mwingine akauliza habari ya unga, je, na unga nao haujui? Sauti zikapanda, mikono ikaanza kuruka, ile Kongo ninayoijua ikaanza kurudi. Nilimwona Shivachi akimtazama mkewe. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeona mbao aliyoilainisha wiki nzima ikipasuka katikati.

Kageha alikuwa hajakaa bado. Viatu mkononi. Akatazama lile benchi lililopinduka, akainama, akalishika upande mmoja. Mumewe akashika upande wa pili. Wakalisimamisha ukutani. Akapapasa ubao kwa kiganja, akakaa.

"Kuni zichomwe hapa hapa," akasema. Hakupaza sauti. Ilibidi walio karibu wawanyamazishe walio mbali ili wasikie amesema nini. "Zikiisha, kila mtu aende kwake. Unga upikwe. Kuku wa mama Nafuna arudi, huyo ni mzima, hana habari ya mambo haya. Na mtu akiwa anaongea, mwingine angoje. Wesonga, tueleze ulivyokuja Kibera. Anza mwanzo. Polepole."

Basi Wesonga akaeleza. Na nakwambia, hadithi ile nilikuwa nimeshaisikia vipande vipande kwa kelele, lakini pale, moto unawaka, watu wamenyamaza, anafika mahali alipoinua macho akamwona maiti anapukuchua mahindi, nilihisi nywele zikinisimama. Hakuna aliyemrukia. Hakuna aliyemalizia. Alipofika mwisho alikaa kidogo, nasi tukakaa naye. Ndipo kicheko kikaja, cha chini, kikazunguka ua wote kama kikombe. Mara ya kwanza tangu nihamie Kongo nilisikia maji yakidondoka kwenye mfereji.

Watu wa matanga wanajua kukaa. Hilo Shivachi hakulipanga, lakini walikuja na mwendo huo miilini. Kuni zilipokwisha waliinuka, wakakunja mikeka, wakaaga kwa zamu.

Mimi nilibaki. Nilitaka kujua, siwezi kudanganya.

"Na basi?" nikamwuliza Kageha.

"Leo walikuja kwa sababu ya kifo," akasema. "Hiyo si baraza. Baraza ni kesho, kama watakuja bila kufiwa."

"Na wasipokuja?"

Shivachi alikuwa akisuuza vikombe kwenye karai. Akajibu yeye. "Nitatoa viti kesho. Na kesho kutwa."

Kageha akamtazama mgongoni. "Kahawa yako ina tangawizi nyingi," akasema. "Kesho nitapika mimi."

Jumamosi basi lilikwenda bila yeye. Jioni ikafika. Kageha akakoga, akavaa kanga safi, akapita mwenyewe mlango kwa mlango, hajavaa nyeusi, anacheka, na kila mlango akaeleza wazi kwamba hakuna aliyekufa. Kwangu alikuta chumba kimejaa, salamu zinasomwa. Aliniangalia tu, kama siku ile.

"Eh, jamani," nikawaambia watu wangu, "anayetaka salamu aende kwa jirani Mumbi, redio yake nayo inasikika." Wakanung'unika. Wengine wakaenda. Nikazima.

Tulikuja wanne. Mimi, Wesonga, Nafuna na mzee wa wimbo. Benchi refu, watu wanne. Ploti ya nyuma santuri ilikuwa inapigwa mpaka mabati yanatetemeka, mlevi akapita akiuliza matanga yamehamia wapi. Shivachi akatundika taa vile vile, akatoa viti vyote vile vile, akavipanga. Kageha akamimina kahawa, akaipa ile santuri mgongo, akaanza kisa cha mwanamke wa Takaungu aliyepeleka mashtaka ya mbuzi kwa mkuu wa wilaya. Alikianza kwa sauti ya chini kabisa, chini kuliko jana. Nafuna akasema hasikii.

"Basi sogea," Kageha akamwambia.

Tukasogea.